Nilivyopiga Hodi kwa Ndani

Sisi wakusanyaji wa sahani za santuri tuna maradhi yasiyoandikwa katika cheti cha daktari. Tukiiona sahani tunayoitamani, huku tukihofia kwamba mwenye duka akitusoma usoni ataipandisha bei, huificha humo humo dukani, mahali ambapo mwingine hatatia mkono, kisha tukaenda kujipanga. Nayaungama haya mapema ili msomaji asije akanionea huruma nisiyoistahili.

Ijumaa moja ya kaskazi nilitoka kwangu Kikwajuni, nikaingia Mji Mkongwe na kuelekea kwenye kiduka cha vitu vya kale kilichomo katika kichochoro kimoja cha Mkunazini. Mwenye duka ni mzee wa kanzu na kofia ya viua, anayeuza saa za ukutani zisizokwenda, mabirika ya shaba, makasha ya njumu na, huko nyuma kabisa ambako mwanga huingia kwa kuomba radhi, sahani. Nilimwamkia, akaniitikia kwa bashasha, nikamwomba anitilie simu yangu chaji pale mezani kwake kwa kuwa ilikuwa inakata roho, kisha nikapotelea nyuma.

Rundo lilikuwa la sahani za zamani hasa, zile za inchi 10 zinazozunguka mara 78 kwa dakika, zilizotengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa Bara Hindi na unga wa mawe kabla ya plastiki kuchukua nafasi yake. Upande mmoja hauchukui zaidi ya dakika tatu na kitu, na zikianguka huvunjika kama sahani ya wali. Ya sita kutoka juu ilinishika mkono. Mifereji yake ilikuwa imepauka kwa sindano za chuma, na karatasi yake ya katikati ilikuwa imeliwa na mende. Aliyesalimika ni yule mbwa wa kampuni ya His Master's Voice, ameliinamia bomba la santuri kama kawaida yake (kila mara hujiuliza mabibi zetu walimpokeaje mbwa huyo sebuleni), na chini yake zilibaki herufi tatu: SAA.

Mtu mwenye akili timamu angesoma "saa". Mimi nilisoma Siti binti Saad. Mwaka 1928 mwanamke huyo wa Fumba alivuka bahari pamoja na wapigaji wake hadi Bombay, akarekodiwa na kampuni hiyo hiyo ya mbwa, na sahani zake zilizobaki nzima ni za kutafutwa kwa tochi. Moyo ulinienda mbio, mikono ikaanza kutoka jasho, na papo hapo nikasikia mlangoni salamu ya mtu ninayemfahamu vizuri: mkusanyaji mwenzangu wa Shangani, ambaye katika miaka yote ya kufahamiana kwetu hajawahi kunitangulia mahali nikafurahi.

Nilichutama nyuma ya kasha, sahani kifuani, nikajifunika busati.

"Kuna bwana mmoja alikuwa huko nyuma anazitazama," nilimsikia mzee akimwambia, kisha akanadi: "Bwana we! Umo?"

Nilinyamaza.

"Basi kesha kwenda. Na simu yake kaisahau, maskini. Wacha nimchukulie, huenda nikamwona msikitini. Nawe rudi baadaye, yakhe, leo Ijumaa, nafunga."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema "nimo". Lakini hebu fikirini: ningetoka chini ya busati, vumbi hadi kwenye nyusi, nimeikumbatia sahani, mbele ya mtu yule. Nilipokuwa bado napima aibu ipi ni nafuu, nilisikia mabawa mawili ya mlango yakikutana, komeo likiteremka na kufuli likibana.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe na chokaa, kuta zake nene kama ngome, na saa ya swala ya Ijumaa hakuna mwanamume wa kukusikia kichochoroni. Niliujongelea mlango, na kwa kuwa nimelelewa vizuri, nikafanya jambo ambalo hadi leo sijui lilinijia vipi: nilipiga hodi.

"Karibu," ilijibu sauti ya mtoto wa kike huko nje, kwa adabu aliyofunzwa. Kimya kikapita. "Uko wapi?"

"Niko ndani."

"Ndani kumefungwa."

"Ndiyo, nami nimo."

Sikusikia jibu. Nilisikia kandambili zikikimbia.

Nikaona kwamba sauti yangu peke yake haina heshima, na kwamba labda taarabu ingemvuta mtu mzima. Palikuwa na santuri ya bomba juu ya meza, na kusema kweli nilikuwa nakufa kwa hamu ya kumsikia Siti. Niliitia ufunguo, nikaelekeza bomba kwenye dirisha, nikateremsha sindano. Ulitoka kwanza mkwaruzo kama wa dagaa wanaokaangwa, halafu kinanda, halafu sauti nyembamba ya mwanamke, na neno la kwanza alilolitamka lilikuwa "saajan". Saa yangu ikasimama. Ulikuwa wimbo wa Kihindi.

Sikupata nafasi ya kuomboleza, kwani kamani ya santuri ile ilikuwa imechoka kuliko mwenyewe. Katikati ya ubeti mwanamke yule alianza kupunguza mwendo, sauti ikateremka, ikanenepa, ikawa ya mwanamume, kisha ya ng'ombe, ikaishia kwenye mgumio mrefu na kuzimika. Niliitoa sahani, nikailaza juu ya busati. Nje paliripuka mayowe.

"Lilianza la kike, sasa la kiume!"

"Na linasema Kihindi! Si nilikwambieni nyumba hii ilikuwa ya Mhindi?"

"Isomwe Ayatul Kursi!"

"Kiarabu litafahamu?"

Nilipaza sauti kwamba mimi ni mtu. "Ndivyo yasemavyo yote," alijibu bibi mmoja kwa utulivu wa mwenye uzoefu. Baada ya mashauriano walikubaliana kufukiza ubani, kwa hoja ya bibi huyo huyo kwamba pua haina lugha. Chetezo kikaletwa, moshi ukapulizwa kwa kipepeo chini ya mlango, nami nikaanza kukohoa, wakashangilia: "Linakohoa! Tia mwingine!" Nilirudi kinyumenyume, macho yakinitoka machozi, mpaka nilipokikanyaga kitu juu ya busati kikalia *kah!*

Mlango ulipofunguliwa, mwenye duka alikuwa na watoto wanne nyuma yake, na nyuma yao, kwa kuwa waliswali msikiti mmoja, mwenzangu wa Shangani. Mzee alinitazama kutoka vidole vya miguu hadi vumbi la nywele, akanikabidhi simu yangu.

"Imelia mara mbili," alisema, "khatibu akiwa juu ya mimbari. Watu wote wamenigeukia mimi."

Mwenzangu aliinama, akaviokota vipande viwili vya sahani, akaviunganisha na kumsoma mbwa.

"Hii ya Kihindi? Mimi ninazo tatu nyumbani, nimezitia chini ya vyungu vya maua."

Mzee alivipima vipande kwa macho, akatamka shilingi elfu tano, maana asubuhi ilikuwa nzima. Sikuwa na uso wa kupatana bei. Nilipokuwa nahesabu noti, bibi wa chetezo alijikohoza pale mlangoni.

"Na ubani wangu, mwanangu? Ulikuwa ubani maka ule."

Ubani ulikuwa elfu saba.