Mlima Upo Upande Gani?

Ukiuliza njia hapa Mbeya, hutaambiwa kaskazini wala kusini. Utaambiwa "panda juu" au "shuka chini", basi. Juu ni Loleza, mlima uliosimama nyuma ya mji. Chini ni upande wa barabara kuu ya kwenda Tunduma. Mtoto anayetumwa dukani anaijua dira hiyo. Hata kifuku kikija na ukungu ukaumeza mlima wote, mapaja yenyewe yanakuambia unaelekea wapi.

Mwezi wa pili alikuja mpwa wangu kutoka Dar. Nilimwambia akishuka Mwanjelwa apige simu nimfuate. Akajibu, "Mjomba, wewe nitumie tu lokesheni." Nikatuma. Simu ikamwambia dakika 18 kwa miguu. Alitumia dakika hamsini, akaingia na raba nyeupe zilizogeuka rangi ya tofali, ana hasira na mji mzima. Ile njia ipo kweli, ila mvua zikishika hukatwa na korongo, na wenyeji huzunguka nyuma ya mashine ya kusaga. Muuza maparachichi alimsalimia, vijana wa bodaboda wakamwita. Hakumuuliza mtu. Aliona aibu kuuliza njia wakati simu iko mkononi na inaongea.

Sina ugomvi na setilaiti. Simu inasikiliza angalau nne kwa pamoja, zikiwa kilomita kama 20,000 juu yetu, inapima muda ambao ishara zimetumia kusafiri, inajua uliposimama. Haili bando kwa kazi hiyo. Kinachokula bando ni picha ya ramani. Na hadi Mei 2000 Marekani, mwenye setilaiti za GPS, ilikuwa ikiwapa raia ishara iliyovurugwa makusudi, unaweza kukosewa kwa mita 100 hivi. Leo, ukiwa sehemu ya wazi, ni mita chache tu.

Ugomvi wangu ni na kile kidoti cha bluu. Unapotembea, ramani inageuka kila unapogeuka. Wewe uko katikati siku zote, na mbele yako siku zote ni juu ya kioo. Ukishuka Mafiati, juu. Ukipanda Sisimba, juu. Loleza ambao haujasogea tangu enzi za babu zetu unazunguka kioo kizima kama nzi. Mpwa wangu alifuata mshale siku nne, njia ileile. Siku ya tano simu ilizima chaji akiwa Kabwe, akanipigia kwa simu ya fundi viatu: "Mjomba, hapa sijui niende wapi." Nikamuuliza mlima upo upande gani.

"Mlima gani?"

Serikali nayo imejitahidi. Operesheni ya anwani za makazi ya 2022 ilitupandia nguzo zenye majina ya barabara, na namba milangoni. Namba ya kwangu naijua kwa sababu ya kujaza fomu. Kumwelekeza mgeni kwa namba hiyo, bado sijaona. Mgeni anaambiwa ulizia kwa mama fulani, kwenye mparachichi ulioinama. Na yule atakayemwelekeza lazima amuulize kwanza, "Unakwenda kwa nani?" Wageni wa mjini huliona swali hilo kuwa umbea. Mimi limeniokoa mara nyingi: "Aa, huyo ametoka asubuhi, kaenda Uyole, usijisumbue kupanda." Hakuna ramani iliyowahi kuniambia hivyo.

Mpwa sikumnyang'anya simu. Nilimwonyesha mahali pa kuizuia ramani isizunguke, kaskazini ibaki juu. Loleza uko kaskazini mwa mji, kwa hiyo juu ya kioo na juu ya Mbeya vikawa kitu kimoja. Ukija huku fanya hivyo kabla hujatoka stendi.

Ila nikiri na langu. Nikienda Kariakoo, mpwa ni mimi. Mara ya mwisho nilisimama pale Msimbazi inapokutana na Uhuru, simu mkononi, kidoti cha bluu kikinipeleka na kunirudisha, watu wakinipiga vikumbo. Nikajikuta nainua kichwa juu ya maghorofa, nautafuta mlima.