Mtani hujibiwa

Mwambie mzazi wa Dodoma kwamba mwanawe anaonewa shuleni, na huenda jibu la kwanza likawa: "Si utani tu huo?" Silidharau jibu hilo. Huku tumelelewa kwa utani. Mgogo ameitwa ombaomba nchi nzima. Anacheka, kisha anarudisha dongo zito zaidi. Wanaotetea hali hii wana hoja: mtoto asiyewahi kutaniwa hajui kujibu, na siku hizi hata kunyimwa kiti hugeuzwa kesi ya uonevu. Tena si kila anayeonewa huugua.

Ila utani wa jadi una masharti yake. Watani wanajuana, wanajibizana, na siku ya msiba mtani ndiye anayefika kuwachekesha wafiwa. Sasa mtazame njuka, mwanafunzi mgeni shuleni, aliyetoka kijijini Bahi. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, darasa moja linaweza kuwa na watoto wa watumishi kutoka Dar es Salaam na watoto wa wakulima wa uwele, na lafudhi ya Kigogo imegeuka kichekesho katika ardhi yake yenyewe. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo shughuli huanza jioni: picha ya njuka imeshafanywa stika, darasa zima linairusha, na yeye akijibu neno moja zinakuja stika kumi. Dan Olweus, mtafiti aliyefanya kazi Norway, aliutambua uonevu kwa mambo matatu: nia ya kuumiza, kurudiwarudiwa, na nguvu zisizolingana. Kwangu hilo la tatu ndilo linaloua hoja ya utani. Mtani hujibiwa.

"Mbona sisi tuliitwa majina yote na tumekua?" Wanaosema hivyo ni wale waliovuka salama. Uingereza walifuatilia maelfu ya watu waliozaliwa mwaka 1958. Waliokuwa wakionewa mara kwa mara utotoni walikuwa na sonona na wasiwasi zaidi ya wenzao hata walipofika miaka 45. Mtu anaweza kusema labda walikuwa wanyonge tangu awali, na ni kweli kwamba mtoto mwenye hofu hulengwa haraka. Lakini watafiti walizingatia pia matatizo ya kihisia waliyokuwa nayo wakiwa wadogo, na tofauti ikabaki.

Dawa iliyozoeleka ni kiboko. Sina imani nayo hapa. Mwonevu akichapwa asubuhi, aliyemtaja atakuwa "mnoko" kabla ya saa nne, na usiku kundi lina stika mpya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza uonevu wa mtandaoni, lakini kumpeleka polisi mtoto wa miaka 14 kwa sababu ya stika ni kuua sisimizi kwa nyundo. Ningeanza na wale wanaocheka tu bila kurusha kitu, maana ndio wengi, na bila kicheko chao mwonevu hana jukwaa.

Halafu kuna jambo la kwetu peke yetu. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, Mirembe, ipo hapa hapa mjini. Tungetarajia vijana wa Dodoma wawe wa kwanza kunufaika. Badala yake jina lenyewe ni tusi: "huyu katoroka Mirembe." Mtoto aliyekwisha kuonewa akiambiwa aende kwa mshauri nasaha, anasikia stika nyingine.

Binti wa jirani yangu Nkuhungu aliumwa tumbo kila Jumatatu, muhula mzima. Akapimwa malaria, taifodi, vidonda vya tumbo, hakuna kilichoonekana. Daktari alipowaelekeza kwa mtaalamu wa afya ya akili, baba alikubali papo hapo, ila akauliza kwa sauti ya chini kama hakuna mtaalamu wa hivyo Morogoro.