Mashine kuukuu ya Bitcoin ni hita, inunue kwa bei ya hita

Kila baridi inapokaribia, katika makundi ya WhatsApp ya Waswahili tulioko Québec, Kanada, hurudi pendekezo lile lile: tafuta mashine ya mtumba ya kuchimba Bitcoin (kompyuta inayopiga hesabu za mtandao wa sarafu hiyo ya kidijitali na kulipwa kwa sarafu yenyewe), iweke chini ya nyumba, ipashe joto huku inakulipa. Wazo hilo nalipenda na nitalitetea hapa, ila kwa sharti ambalo wauzaji hawalitaji. Mashine hiyo ni hita. Ilinganishwe na hita, na sarafu inayotoka ihesabiwe kuwa punguzo la bili. Anayeinunua kwa kudhani ni biashara ataumia, na mara nyingi ni mtu ambaye hana fedha za kupoteza.

Upande wa joto hauna ubishi. Umeme wote unaoingia kwenye mashine hugeuka joto. Mashine kuukuu iitwayo Antminer S9, inayokula wati 1,350, hupasha chumba sawasawa na hita ya dukani ya wati 1,350, haizidi wala haipungui. Tofauti ni kwamba umeme ule ule hupitia kwanza kwenye chipu zinazopiga hesabu za Bitcoin. Ndiyo maana Québec ni mahali pake hasa. Nyumba nyingi huku hupashwa kwa hita za umeme zilizofungwa chini ya madirisha, na umeme wa maji wa shirika la Hydro-Québec ni wa bei nafuu: mwaka 2025 uniti 40 za kwanza za siku zilikwenda kwa takriban senti 7 za Kanada kila moja, zinazozidi hapo takriban senti 10 na nusu, kabla ya kodi. Mwezi Januari nyumba ya hita za umeme hupita uniti 40 kabla jua halijatua. Kwa hiyo uniti ya kupigia hesabu ni ile ya senti 10 na nusu. Wewe unayepasha nyumba kwa gesi, kama ilivyo kwa wengi Ontario na Alberta, huna haja ya kusumbuka: kwa kawaida joto la gesi huko ni rahisi kuliko la umeme, na mashine kuukuu haitaziba pengo hilo.

Sasa sarafu. Tangu Aprili 2024 kila bloku (fungu la miamala ambalo wachimbaji hushindania kulifunga) inatoa Bitcoin 3.125, na bloku hupatikana takriban kila dakika 10, yaani Bitcoin 450 kwa siku kwa wachimbaji wote wa dunia. Mwaka 2025 nguvu ya wachimbaji wote kwa pamoja ilifika karibu terahashi bilioni moja kwa sekunde; terahashi moja ni majaribio trilioni moja ya hesabu. Gawanya, utaona kila terahashi moja inaambulia satoshi 45 hivi kwa siku (Bitcoin moja ni satoshi milioni 100). Namba hiyo iandike mahali, maana ndiyo itakayokulinda. Nguvu ya mtandao ikipanda, satoshi 45 zinapungua, ikishuka, zinaongezeka.

S9 ilitoka mwaka 2016 na ina terahashi 13.5 kwa sekunde. Itakupa satoshi 600 hivi kwa siku. Chukua bei ya dola 100,000 za Marekani kwa Bitcoin moja ili hesabu iwe nyepesi: hizo ni senti 60 za Marekani, na siku hiyo mashine imekula uniti 32. Ukigawa na kugeuza kuwa fedha za Kanada, kila uniti uliyolipia senti 10 na nusu za Kanada inakurudishia senti mbili na nusu. Robo ya bili, basi. Kama hita ya umeme ungeiwasha kwa vyovyote, robo hiyo ni yako na sioni sababu ya kuikataa. Kama usingewasha hita, umetupa robo tatu ya fedha zako dirishani.

Chukua sasa Antminer S19j Pro, yenye terahashi 100 na kula yake wati 3,050 hivi. Kwa bei ile ile na mtandao ule ule, kila uniti inarudisha zaidi kidogo ya senti 8 za Kanada. Hapo mambo ni mengine kabisa. S9 hutumia karibu jouli 100 za nishati kwa kila terahashi, S19j Pro jouli 30 hivi, na S21 iliyofuata jouli 17.5; zikiwa chache ndivyo bora. Watu hubishana sana juu ya mwaka mashine ilipotoka na sura yake, lakini namba ya kwanza kuuliza ni jouli kwa terahashi.

Halafu kuna mpinzani ambaye wapenzi wa mashine hizi hawapendi kumtaja: pampu ya joto. Haitengenezi joto, inalivuta kutoka nje, kwa hiyo uniti moja ya umeme inaweza kuleta uniti tatu za joto siku zisizo za baridi kali. Joto lake basi linagharimu senti tatu na nusu kwa uniti. S9 iliyorudisha robo bado inakutoza senti nane. Imeshindwa mbali. S19j Pro kwa hesabu niliyotoa inakutoza kama senti mbili, inashinda kidogo; Bitcoin ikishuka hadi dola 60,000 inakutoza senti tano na nusu, nayo imeshindwa. Baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri huidhoofisha pampu sana, na hapo mashine inapata nafasi yake tena. Maoni yangu ni kwamba mwenye pampu nzuri aendelee nayo. Mashine ni ya yule aliyebaki na hita za ukutani peke yake, na hao huku ni wengi.

Kinachowavunja moyo watu, hata hivyo, huwa ni kelele kabla ya hesabu. Mashine hizi zilitengenezwa kwa ajili ya maghala. S9 na S19 zote hufika karibu desibeli 75, kama kifyonza vumbi kisichozimwa usiku na mchana. Usimwekee mtoto anayelala chumba cha jirani. Dawa ni kupunguza mwendo. Programu za kuendeshea mashine kama Braiins OS hukuruhusu kuchagua wati unazotaka, na S9 ikishushwa hadi wati 800 hivi hufanya mambo matatu kwa mpigo: feni zinatulia, jouli kwa terahashi zinapungua, na chipu hazichemki. Hapo ndipo feni za milimita 120 za kimyakimya zinapofaa. Ukizifunga kwenye mashine inayokwenda mwendo kamili utaiunguza. Na iweke pale ambapo kidhibiti joto cha hita za kawaida kitalihisi joto lake. Kisipolihisi, hita zitaendelea kuwaka na utalipa mara mbili.

Umeme wenyewe usifanyiwe mchezo. Soketi ya kawaida ya Kanada ni volti 120 na breka ya ampea 15. Kwa mzigo wa mfululizo haifai kubeba zaidi ya wati 1,440. Pawa saplai ya APW3++ iliyouzwa pamoja na S9 nyingi, kwenye volti 120 hutoa wati 1,200 tu. S19 inataka volti 240. Habari njema ni kwamba hita za ukutani huku tayari ziko kwenye volti 240, hivyo fundi umeme mwenye leseni ana pa kuanzia. Mlipe. Ekstensheni ya dukani chini ya zulia ni namna ya kuunguza watu waliolala.

Na mwenye kupanga nyumba ambayo joto limo ndani ya kodi: usiiwashe bila ruhusa. Umeme analipa mwenye nyumba, sarafu unachukua wewe. Huo ni wizi, na sisi wageni tunajuana majina. Mmoja akifanya hivyo wote tunakosa pa kupanga.

Wakati wa kununua, omba kuiona ikiwaka. S9 ina bodi tatu zenye chipu 63 kila moja, na ukurasa wake wa hali huonyesha kila chipu nzima na kila iliyokufa. Nusu saa haitoshi, kwa sababu bodi yenye kasoro huanza kukatika kazi ikishapata moto. Familia ya S17 na T17 mimi naiepuka: ilijulikana kwa vipoza joto kubanduka kutoka kwenye chipu. Mashine iliyokuwa ikipozwa kwa kuzamishwa kwenye mafuta ghalani itakuletea harufu nyumbani. Na kabla ya kuiunganisha na intaneti ya nyumba, futa programu iliyomo na uweke mpya kutoka kwa mtengenezaji au Braiins. Virusi vya mashine hizi vipo kweli, na mara nyingi hupeleka sarafu zako kwa mtu mwingine bila wewe kugundua.

Yote haya ni ya nchi za baridi. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu mashine hizi hizi sasa zinatangazwa kwa ndugu zetu nyumbani kuwa "zinajilipa". Kaa na mtu wa Dar es Salaam umpigie hesabu: S9 inakula uniti 32 kwa siku, TANESCO kwa takriban shilingi 356 ni zaidi ya shilingi 11,000. Senti 60 za dola inazorudisha ni kama shilingi 1,500. Kila siku anapoteza karibu shilingi 10,000, na joto lenyewe ni adhabu. Hata Njombe kwenye baridi ya mwezi Juni haifai.

Kuna mahali Afrika uchimbaji una maana. Hifadhi ya Virunga huko Kivu, mashariki ya Kongo, ilianza kuchimba mwaka 2020 kwenye kituo chake cha umeme wa maji cha Luviro, ambako kulikuwa na umeme uliokosa wanunuzi. Umeme usio na mnunuzi ndio siri yote pale. Nyumba ya mtu yenye LUKU haina umeme wa namna hiyo. Ukitumiwa tangazo la mashine, mjibu muuzaji kwa maswali mawili: uniti analipia shilingi ngapi, na mashine ina jouli ngapi kwa terahashi. Asipoweza kujibu yote mawili, usimtumie hata nauli ya mzigo.