Nyureksini na nyuroligini: je, ndizo zinazojenga sinapsi?

Seli ya neva inayotuma ujumbe haigusani na ile inayoupokea. Kati yao pana ufa wa nanomita 20 hivi, na mahali hapo zinapokaribiana ndipo panapoitwa sinapsi. Protini zilizochomoza kwenye tando za pande zote mbili hukutana katika ufa huo na kushikana: nyureksini hasa upande wa mtumaji, nyuroligini upande wa mpokeaji. Kwa zaidi ya miaka 20 watafiti wa ubongo wamekuwa wakibishana kuhusu kazi ya mshiko huo. Wapo wanaosema ndio unaoizaa sinapsi. Wengine wanashikilia kwamba sinapsi huzaliwa hata bila mshiko huo, na kwamba kazi ya mshiko ni kuipa sinapsi uwezo wa kufanya kazi ipasavyo.

Wa kwanza wana jaribio linaloshawishi sana. Mwaka 2000 Peter Scheiffele na wenzake walipandikiza jeni ya nyuroligini kwenye seli ambazo si za neva kabisa, kisha wakaziotesha pamoja na seli za neva. Kila akzoni, yaani mkono wa neva unaopeleka ujumbe, ilipogusa seli hizo ngeni, vifuko vyenye kemikali za ujumbe vilikusanyika pale pale, kana kwamba imekutana na neva mwenzake. Mwaka 2004 jaribio la upande wa pili lilijibu vivyo hivyo: nyureksini ikiwekwa kwenye seli ngeni, dendraiti inayoigusa, yaani tawi la neva linalopokea ujumbe, hukusanya vipokezi, protini zinazonasa kemikali za ujumbe.

Kisha wakaja panya. Mwaka 2006 Frédérique Varoqueaux na wenzake walichapisha matokeo ya panya waliokosa nyuroligini 1, 2 na 3 kwa pamoja. Panya hao walikufa muda mfupi baada ya kuzaliwa kwa kushindwa kupumua, lakini sinapsi zao hazikuwa zimepungua kwa kiasi cha maana. Zilikuwepo, ila upitishaji wa ujumbe ndani yake ulikuwa dhaifu. Miaka mitatu kabla ya hapo, panya waliokosa nyureksini ndefu, yaani aina ya alfa, walionyesha jambo linalofanana na hilo: umbo la sinapsi karibu kamili, ila milango ya kalsiamu haifanyi kazi vizuri, hivyo vifuko havimwagi kemikali inavyotakiwa.

Hapa ni lazima tuwe waangalifu kuhusu kila jaribio linapima nini. Kujaza seli protini kupita kiasi huonyesha kile protini inachoweza kufanya, si kile inachohitajika kufanya. Kuiondoa tangu kwenye kiinitete huonyesha uhitaji, lakini huzipa protini nyingine za kushikamanisha, kama LRRTM na SynCAM, nafasi ya kuziba pengo. Kisha kuna ushindani, jambo ambalo kwa muda mrefu halikuzingatiwa. Utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba seli yenye nyuroligini 1 pungufu hupoteza sinapsi ikizungukwa na majirani wenye nyingi zaidi. Wakipungukiwa wote sawasawa, idadi haibadiliki. Hilo peke yake linaeleza kwa nini kuzima jeni kwenye seli chache kulipunguza sinapsi, na kuifuta kwa mnyama mzima hakukufanya hivyo.

Kwa maoni yangu kundi la pili lina nguvu zaidi, ingawa halijashinda kila mahali. Mwaka 2017 nyureksini zote ziliondolewa katika aina moja moja ya neva. Katika neva zuizi, yaani zinazotuliza nyingine, zenye protini ya parvalbumini, idadi ya sinapsi ilipungua. Katika zile zenye somatostatini, kundi jingine la neva zuizi, idadi ilibaki ile ile, kilichopungua ni kalsiamu inayoingia. Anayeuliza kazi ya nyureksini bila kutaja ni sinapsi ipi hawezi kupata jibu moja.

Kiunzi cha seli, yaani nyuzi za protini ya aktini zinazoipa umbo, nacho kina zamu yake. Mkia wa nyuroligini ulio ndani ya seli huanzisha mnyororo wa protini: hushika PSD-95, PSD-95 hushika SAPAP, SAPAP hushika SHANK3, na kutoka hapo kotaktini hufikisha mnyororo kwenye nyuzi za aktini. Kadherini, protini nyingine ya kushikamanisha, hupita njia nyingine, kupitia beta-katenini na alfa-katenini. Aktini yenyewe haitulii: ndani ya mwiba wa dendraiti, kichomozo kidogo kinachobeba sinapsi, sehemu yake kubwa hubadilishwa kwa muda usiozidi dakika moja. Ndiyo sababu latrunkulini, sumu ya sifongo wa Bahari ya Shamu, huvunja nyuzi zake upesi. Hukamata vipande vya aktini vilivyo huru, na uzi unaoendelea kumeguka unakosa cha kujijengea upya. Katika neva zilizooteshwa kwa siku 5 au 6, sumu hiyo hufuta sinapsi. Zikifika siku 18 hadi 20, sinapsi nyingi hubaki, japo vipokezi vya NMDA, aina mojawapo ya vipokezi vya ujumbe, hupungua huku PSD-95 ikisalia mahali pake. Ripoti isiyotaja umri wa neva hizo haifai kulinganishwa na nyingine.

Ubishi huu unagusa wagonjwa. Mwaka 2003 badiliko la jeni liitwalo R451C kwenye nyuroligini 3 lilipatikana kwa ndugu wawili wenye usonji. Panya waliowekewa badiliko hilo walionyesha sinapsi zuizi zenye nguvu kupita kawaida katika gamba la ubongo. Katika hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu, zilizoongezeka nguvu ni sinapsi chochezi, yaani zinazoamsha neva. Kwa hiyo dawa inayojaribiwa kwa kuhesabu miiba chini ya hadubini pekee inaweza kuonekana imefaulu bila kugusa tatizo. Mkondo wa umeme unapaswa kurekodiwa katika kila eneo, na sinapsi chochezi zipimwe kando na zile zuizi.