Makisio yana haki yake, ila nani anayakosoa?

Mama mkubwa wangu analima mwani Jambiani, na katika maisha yake hajawahi kushika jedwali la kupwa na kujaa kwa maji. Anachojua ni tarehe ya mwezi mwandamo. Mwezi ukiandama, au ukifika kumi na tano, bamvua imeingia, na maji yatapwa sana mnamo saa nne asubuhi. Kesho yake anaongeza robo tatu ya saa, na keshokutwa hivyo hivyo. Kwa hesabu hiyo anajua lini apike, lini ateremke pwani kufunga mbegu kwenye kamba.

Mwanawe, aliyesomea kompyuta mjini, humtania kila akija likizo.

"Mama, nyie huku mnapiga ramli."

"Ramli hii ndiyo iliyokusomesha, mwanangu."

Mimi huwa nacheka, lakini ugomvi wao ni wa maana. Wataalamu huiita heuristiki: kanuni ya mkato inayokupa jibu la kutosha bila kuhesabu kila kitu. Mmarekani Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza tangu miaka ya 1950 kwamba binadamu hatafuti jibu bora kupita yote, maana hana muda wala kichwa cha kulitafuta. Hutafuta linalomtosha, akilipata anashika njia.

Kijana ana hoja. Maji hayachelewi kwa kiasi kimoja kila siku. Karibu na bamvua huchelewa kama nusu saa au dakika arubaini hivi, na karibu na maji mafu, yaani siku ambazo bahari haipwi wala haijai sana, tofauti hupita saa nzima. Jedwali la kweli hujumlisha mivuto mingi ya mwezi na jua, kazi iliyomfanya Lord Kelvin wa Uingereza, katika miaka ya 1870, atengeneze mashine ya magurudumu na kapi kwa ajili hiyo tu. Lakini angalia kitu kimoja: kanuni ya mama mkubwa hukosea zaidi siku za maji mafu, na siku hizo yeye haendi pwani, kwa sababu mwani haufikiki. Makosa ya kanuni yake yameangukia siku asizozihitaji. Sidhani kama ni bahati.

Tena huyo kijana asijidai kwamba simu yake haikisii. Chukua mpeleka mikate wa vespa mwenye maduka 14 ya kupitia Mji Mkongwe. Mpangilio wa kuyapitia unaweza kuwa wa namna zaidi ya bilioni 87. Ongeza maduka yawe 30 na hakuna kompyuta itakayokagua njia zote moja moja. Zipo mbinu za kupata jibu kamili bila kukagua zote, lakini kazi ikikua zinakula muda, na mkate unapoa. Kwa hiyo programu nayo hukata njia. Mkato rahisi kuliko yote ni kwenda duka lililo karibu zaidi, kisha lililo karibu na hilo. Unaanza vizuri kabisa, halafu unajikuta Shangani na limebaki duka moja Malindi.

Upo mkato mwingine wenye heshima zaidi. Mwaka 1968 Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael walitangaza mbinu ya kutafuta njia inayoitwa A*. Tuseme unatoka Chake Chake kwenda Wete. Kwenye kila njia panda, programu hujumlisha mwendo uliokwisha kwenda na kisio la uliobaki, na kisio hilo laweza kuwa mstari ulionyooka hadi Wete. Barabara ya Pemba itazunguka vilima na mabonde itakavyo, lakini haiwezi kuwa fupi kuliko mstari ulionyooka. Maadamu kisio halizidi ukweli, imethibitishwa kihesabu kwamba jibu litakuwa njia fupi kuliko zote. Hapo kisio lina mdhamini.

Makisio yetu mengi hayana. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walionyesha jinsi mikato ya akili inavyotupotosha kwa namna ile ile kila mara. Bei ya kwanza kutajwa, kwa mfano, hutufunga. Muuza kanzu Darajani akianza na laki moja, utamshusha hadi sitini na utaondoka kifua mbele, hata kama kanzu ni ya thelathini na tano. Nimeivaa hiyo kanzu. Mjerumani Gerd Gigerenzer amewapinga kwa miaka mingi: kwake mikato si kasoro, na mahali pake hushinda hesabu ndefu. Mwaka 2009 Kahneman na Gary Klein, waliokuwa pande mbili tofauti, waliandika pamoja kwamba hisia ya mzoefu huaminika pale mambo yanapokwenda kwa utaratibu na mtu akapata nafasi ya kujifunza kutokana na makosa yake.

Nakubali, na naongeza kwamba mkosoaji mwenyewe awe mkweli. Bahari humkosoa mama mkubwa siku ile ile: akifika mapema maji yanamfika magotini, anarudi nyumbani na hasara yake ni matembezi. Meli iliyojaa kupita kiasi haikosoi hivyo. Ikifika salama, imefundisha uongo, na kila safari inayofika inauzidishia uongo ule nguvu: jana ilibeba hivi hivi, juzi pia. MV Spice Islander I ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake ilipozama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Jicho la mzoefu bandarini halina la kufanya hapo. Panatakiwa idadi, kichwa kwa kichwa, na mtu mwenye mamlaka ya kusema basi.

Mama mkubwa mwenyewe akisafiri kwenda Pemba hautazami mwezi. Husimama dirishani pa tiketi akauliza chombo kinaruhusiwa abiria wangapi na wameshakatiwa wangapi, na foleni nzima nyuma yake hunung'unika.