Kabla ya kununua nyumba Kupro ya Kaskazini, uliza palikuwa pa nani

Ndugu zangu wa Kigoma, tangu matangazo ya nyumba za Girne, mji wa pwani wa Kupro ya Kaskazini, yaanze kuzagaa kwenye makundi yetu ya WhatsApp, swali ni lile lile: "Kaka, wewe uko huko, Mtanzania anaruhusiwa kununua?" Anaruhusiwa. Ila mimi ninayeishi huku nasema msikimbilie, na wala sizungumzii bei.

Utaratibu wenyewe umenyooka kuliko wetu. Unaweka wakili wako, si yule unayeletewa na muuzaji. Anakwenda ofisi ya hati kuangalia jina la mwenye mali, kama imewekwa rehani benki au imezuiwa na mahakama. Mkataba ukishasainiwa unalipiwa ushuru wa stempu na kusajiliwa mapema, ili muuzaji asije akamuuzia mwingine. Kisha mgeni anaomba kibali cha Baraza la Mawaziri, pamoja na cheti cha polisi cha kwao kuonyesha hana rekodi ya uhalifu. Kibali kinaweza kuchukua miezi mingi, na hati haiwi yako mpaka kitoke.

Ujiji je? Mnakutana kwa mwenyekiti wa mtaa, majirani wanaitwa, mnatembea mpakani kutoka kwenye mwembe hadi kwenye minyaa, mnaandikishana, mashahidi wanaweka dole gumba, mhuri unagongwa. Wengi wanaishia hapo, kiwanja hakipimwi wala hati haiombwi, na kesho watoto wa marehemu wako barazani wanagombana. Jambo hili linaniuma. Lakini majirani wale wanajibu swali ambalo karatasi za Girne zinaweza kulikwepa: hapa palikuwa pa nani?

Mwaka 1974 jeshi la Uturuki liliingia kaskazini mwa Kupro, na Wakupro wa Kigiriki zaidi ya laki moja na nusu wakakimbilia kusini. Wakupro wa Kituruki waliokuwa kusini nao waliacha nyumba zao wakaja kaskazini. Mwaka 1983 kaskazini ikajitangaza nchi, na mpaka leo inatambuliwa na Uturuki peke yake. Ardhi ya waliokimbia iligawiwa watu wengine na kutolewa hati mpya. Ndiyo maana huku hati za kabla ya 1974 zilizokuwa za Waturuki au wageni zina bei ya juu.

Sisi watu wa Kigoma hatuhitaji kufundishwa hili. Tumepokea Warundi, tumepokea Wakongo. Mama mmoja wa Uvira niliyemfahamu pale Mwanga alikuwa na hati ya kiwanja cha baba yake, ameifunga kwenye mfuko wa nailoni chini ya nguo sandukuni. Nani angethubutu kumwambia kwamba kwa kuwa alikimbia risasi, basi ameuza?

Mahakama nazo hazijanyamaza. Waingereza wawili, mume na mke wa familia ya Orams, walijenga nyumba Lapithos, ambako Waturuki wanapaita Lapta, kwenye ardhi ya Meletis Apostolides, Mkupro wa Kigiriki ambaye familia yake ilikimbia 1974. Mahakama ya Nicosia, ya Jamhuri ya Kupro iliyo kusini, ikaamuru wabomoe, warudishe ardhi na walipe fidia. Mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema hukumu hiyo itambuliwe Uingereza, na 2010 Mahakama ya Rufani ya London ikakubali. Yaani mali yao ya Uingereza ndiyo iliyokuwa hatarini. Isitoshe, kwa sheria ya Jamhuri ya Kupro, kuuza au kununua kwa makusudi mali ya mwingine bila ridhaa yake ni kosa lenye kifungo cha hadi miaka 7.

Kwa hiyo mwenye akiba, aanze na kiwanja chake cha Gungu au Katonga: apimiwe, aende ardhi, achukue hati. Na kama tayari umelipa kianzio cha huku, usitume awamu inayofuata mpaka wakili wako akuonyeshe kumbukumbu za umiliki wa eneo hilo kabla ya 1974.