Rudisheni asumini majumbani

Saa kumi na moja jioni, jua likianza kujificha nyuma ya majumba, mimi huwa niko roshani na bakuli mkononi. Nachuma tumba za asumini. Zinakuwa bado zimefumba, nyeupe, ngumu kidogo ukizibana kwa vidole, na harufu yake huipati mpaka uzisogeze puani. Nazinyunyizia matone mawili matatu ya maji, nazifunika kwa kitambaa chepesi, naziacha juu ya meza. Baada ya Isha nikifunua, zimefunguka zote, na chumba kizima kinanukia.

Nakaa fletini Michenzani, mjini Unguja, ghorofa ya tatu. Sina ua wala kiwanja. Nina roshani ya hatua mbili kwa nne, na humo nimepanga makopo kumi na moja: ya rangi, ya mafuta ya kupikia, na ndoo mbili zilizopasuka mikono. Nayasema haya mapema kwa sababu kila nikizungumzia mimea naambiwa, "Wewe una nafasi."

Wiki iliyopita niliingia nyumba tatu za watu wangu wa karibu. Nyumba nzuri, safi, zimefukizwa udi. Zote tatu nimekuta maua ya plastiki sebuleni. Nyumba ya tatu yalikuwa asumini. Asumini ya plastiki, Unguja! Nilikaa nayaangalia huku nikinywa chai, nikaona moyo unaniuma kweli. Asumini haina umbo la kujivunia, ni kiua kidogo cheupe. Thamani yake yote ni ile harufu, ndiyo iliyowafanya mama zetu waitunge makoja, waichanganye na mrehani kwenye kikuba, kile kifurushi cha maua ya kunukia wanachojipamba nacho wanawake, waimwage kitandani kwa bibi harusi. Ukiondoa harufu umebaki na nini?

Sikumwambia kitu mwenyeji wangu, maana ni mtu ninayemheshimu na chai yake nilikuwa nainywa. Lakini nimerudi nyumbani nikitaka kuyaandika haya.

Nimekulia Wete, kisiwani Pemba, kwa bibi yangu mzaa mama. Ua wake ulikuwa wa makuti, na asumini ilipanda juu ya ule ua mpaka makuti yenyewe yakawa hayaonekani. Mchaichai ulikuwa pale tunapooshea vyombo, kwa hivyo haukuwahi kumwagiliwa hata siku moja na haukuwahi kukauka. Mrehani ulikuwa mlangoni mwa jiko, mtu akipita nguo yake inaugusa na harufu inamfuata ndani. Mhina ulikuwa kwenye jua kali, pembeni kabisa. Na karibu na kisima, kivulini, palikuwa na mkilua, mti wa maua ya kunukia. Nilipokuwa mdogo nilidhani vitu vile vimejiotea tu. Sasa nina makopo yangu, ndio naelewa kwamba kila mmea ule uliwekwa pale na mtu aliyejua unataka maji kiasi gani na jua kiasi gani. Bibi hakusoma skuli, lakini ua wake ulipangwa kwa akili kuliko bustani nyingi za hoteli nilizoziona.

Alipofariki, wajomba walimwaga zege ua mzima. Walitaka usafi, na mimi siwalaumu kwa nia yao. Lakini niliporudi mwezi wa Februari, katikati ya kaskazi, niligundua kwamba hapakaliki tena pale jioni. Zege linanyonya jua mchana kutwa na kulitoa usiku. Zamani tulikuwa tukitandika mkeka uani baada ya Magharibi, sasa kila mtu yumo ndani na feni yake. Masika nayo, maji yaliyokuwa yakizama kwenye udongo mwekundu hayana pa kwenda, yanaingia jikoni. Ningekuwapo siku ile ningewaomba wabakishe hata ukanda wa mkono mmoja kuuzunguka ua. Fundi angepunguza mifuko kadhaa ya saruji, na asumini ingekuwapo mpaka leo.

Kwa hiyo ukiwa unajenga sasa hivi, kule Fuoni, Mwanakwerekwe au popote, nakuomba umzuie fundi kidogo kabla hajamwaga.

Na ukiwa fletini kama mimi, basi kopo linatosha, ila kopo nalo lina mambo yake, na mimi nimejifunza kwa kuua mimea. Mrehani wangu wa mwanzo niliuua kwa makumbi. Nilisikia kwamba vumbi la makumbi ya nazi ni zuri kwenye kopo kwa sababu linashika maji na halifanyi udongo ugande, na hilo ni kweli. Nikaletewa nusu gunia kutoka upande wa mashariki, kwa wanawake wanaosokota kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi. Nikachanganya na udongo, nikapanda. Siku ya tano ncha za majani zilikuwa za kahawia, kama zimepitishwa kwenye moto. Nikaongeza maji. Siku ya kumi majani yalianza kuanguka yakiwa bado mabichi.

Mama mmoja wa ghorofa ya chini ndiye aliyepanda ngazi kuja kunitazamia. Alichukua ule udongo kidogo tu kwa ncha ya kidole, akauweka ulimini, akatema.

"Mwanangu," akaniambia, "mti huu umeupanda pwani."

Makumbi ya usumba huzikwa mchangani ufukweni miezi mingi mpaka yalainike, na huko yanashiba maji ya bahari. Chumvi ile inabaki ndani. Siku hizi nikiyapata nayaroweka kwenye ndoo ya maji baridi usiku kucha, namwaga, narudia siku tatu, kisha nafanya alivyofanya yule mama: naonja. Yakiwa hayana chumvi ulimini, nachanganya makopo mawili ya udongo kwa kopo moja la makumbi na moja la samadi kuukuu. Samadi mbichi inaunguza mizizi, usiwe na haraka nayo.

Chumvi hiyo hiyo imo kwenye visima vingi vya karibu na pwani. Ukiona utando mweupe umeganda kwenye mdomo wa chungu chako, usidhani ni chokaa cha ukutani. Msimu wa mvua mimi nakinga maji kwa kila chombo nilicho nacho, na mara moja kila baada ya wiki chache nayamimina mengi kwenye kila kopo mpaka yachuruzike chini, yasafishe. Siku za kawaida maji ya kuoshea mchele yanatosha kabisa, na hayo kila nyumba inayamwaga kila siku.

Halafu kuna suala la mawe. Unguja ya magharibi, huku kwenye minazi na mikarafuu, udongo ni mwingi na mzuri. Ukienda uwandani, Makunduchi, Paje, Jambiani, udongo ni kiganja tu juu ya jiwe la matumbawe, na jiwe hilo ni chokaa. Waridi na asumini ukizipanda humo mara nyingi zinakuwa na majani ya manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Watu wanadhani ni njaa, wanaongeza mbolea, wala haisaidii, maana chuma kimo udongoni lakini chokaa inauzuia mmea usikipate. Huko pandeni kwenye vyungu, kwa udongo wa kutoka mashamba, na yaliyobaki waachieni midimu na mishubiri, inavumilia zaidi.

Kosa ninaloliona kuliko yote kwa watu wenye asumini ni huruma. Hawataki kuukata. Mti unarefuka, unakuwa fito tupu, halafu wanalalamika kwamba umeacha kuchanua. Asumini haitoi maua kwenye fito kongwe, inatoa kwenye machipukizi mapya. Kila ikimaliza mkupuo wa maua mimi nakata theluthi ya kila tawi kwa mkasi mkali, juu kidogo ya kifundo, natia konzi mbili za samadi, na nauweka ule mti mahali penye jua la kutosha, saa tano au sita kwa siku. Hayo matawi unayoyakata usiyatupe. Chukua yale yasiyo machanga wala makuu, urefu wa shibiri moja, uyachomeke kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Baada ya mwezi na kitu mengi yatakuwa yameshika mizizi.

Sasa mbu, maana hiyo ndiyo hoja ya watu wengi, na nakubali kwamba ina uzito. Mbu anayeeneza homa ya dengi hana haja ya dimbwi, kisahani cha chini ya chungu kinamtosha, na anauma mchana. Tangu yai mpaka mbu anayeruka ni siku saba mpaka kumi hivi. Basi kila Ijumaa kabla sijaoga mimi navitoa visahani vyote, naviosha kwa kuvisugua, kwa sababu mayai yananata pembeni hata maji yakimwagwa. Ukiweza usitumie kisahani kabisa. Toboa matundu chini ya kopo kwa msumari wa moto, uliweke juu ya vigae viwili, maji yapite. Hapo mbu hana pa kuzalia.

Wadudu wengine hawanisumbui sana. Wale weupe kama pamba wanaokaa kwenye makwapa ya majani nawafuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na nikiona sisimizi wanapanda mti najua wako njiani kuwafuata, maana sisimizi wanakula utamu wanaoutoa wale wadudu na wanawalinda. Mwarobaini uliotwangwa, ukaroweshwa usiku, ukachujwa na kutiwa sabuni kidogo, unanyunyizwa jioni. Yatosha.

Kuna mmea mmoja nataka kuusema kwa sababu unanifurahisha na kunihuzunisha pamoja. Utauona siku hizi kwenye mapokezi ya hoteli na ofisi: mashina manene, majani ya kijani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, yamepangana pande mbili. Wataalamu wanauita Zamioculcas zamiifolia. Huko nje, jina lake moja la sokoni maana yake ni kito cha Zanzibar. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, na leo uko majumbani dunia nzima, kwa sababu unastahimili chumba chenye mwanga mdogo na mwenyeji anayesahau kuumwagilia. Ustahimilivu huo umeupata huku kwetu, kwenye vichaka vya Afrika Mashariki, Zanzibar ikiwemo, ambako kiangazi kinaukausha na wenyewe unakaa na maji yake kwenye viazi vilivyo chini ya udongo. Mimi nimeona mtu akiununua mjini kwa bei isiyo ndogo, akijivunia kwamba ni mmea wa Ulaya.

Ukiwa nao, adui yake ni maji. Mara moja kwa wiki mbili tatu inatosha, vinginevyo viazi vinaoza. Jani lake moja ukilichomeka udongoni linatengeneza kiazi chake, ila subiri miezi mingi. Na uweke mbali na watoto wadogo, maana utomvu wake unawasha mdomo.

Si huo peke yake. John Kirk, balozi wa Waingereza hapa enzi za Sayyid Barghash, mwenye bustani yake Mbweni, alipeleka Uingereza ua moja dogo, na mwaka 1882 likapewa jina la Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Jina limebadilika baadaye, lakini ua lenyewe limo bustanini kila pembe ya dunia.

Na mkilua, ule wa bibi yangu kisimani. Ua lake halipendezi kwa mbali, nyama nene tu, lakini moja likiwa kifuani kwa mama, unamjua alikopita. Mwaka 1970 mtaalamu wa Kew, bustani kuu ya mimea ya Uingereza, alipouandika rasmi aliupa jina la Mkilua fragrans. Alilichukua jina letu zima zima, na herufi ya M yake mbele, kana kwamba hakupata jina lililo bora kuliko lile waliloliita bibi zetu. Nimewauliza vijana watano wa hapa mtaani mkilua ni nini. Mmoja alijua, na huyo ni kwa sababu mama yake ni fundi wa vikuba.

Mwaka jana nilimwomba jirani wa zamani wa Wete, ambaye mkilua wake bado uko, anitafutie mbegu. Zilikuja na boti, zimefungwa kwenye kitambaa kibichi ndani ya kopo la maziwa. Nne. Nilizipanda siku ile ile, kwenye kopo lenye kivuli, kwa sababu mkilua ni mti wa chini ya miti mingine na jua la mchana linauchoma ukiwa mchanga. Nilingoja mpaka nikakata tamaa. Mbili ziliota.

Mche mmoja una majani manne, nimeuweka nyuma ya asumini pale upepo wa kusi haufiki. Wa pili nimempelekea yule mwenyeji wangu wa nyumba ya tatu. Nilimwambia ni mkilua, akanyamaza kidogo, kisha akasema mama yake alikuwa nao. Akalisogeza pembeni lile jagi la asumini ya plastiki pale dirishani, akauweka mche mahali pake.